htmx kwenye mfumo wa ofisi ya utalii Arusha: nilichokipenda na kilichonisumbua

Kwa wale wasio na muda jibu ni hili: kama kazi zako ni mifumo ya ofisi, yani fomu, tebo, kutafuta, kuidhinisha, ripoti, na watumiaji wako wanashika simu za kawaida na bando la wiki, chukua htmx, yani faili dogo la JavaScript linaloifanya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) ibadilishe kipande kimoja cha ukurasa bila kupakia ukurasa mzima. Kama unajenga kitu ambacho lazima kifanye kazi hata mtandao ukikata kabisa, iache. Katikati hapo kuna mengi na ndo nataka kuyasema, maana riviu nyingi ninazokutana nazo ni za aina mbili tu, moja inaisifia kama dawa ya kila ugonjwa, nyingine inaiponda na ukiisoma unaona kabisa aliyeandika hajawahi kuiweka kwenye mfumo wenye watu wanaoutegemea kazini.

Mi ni developa wa kujitegemea, nipo Njiro, na wateja wangu ni hawa hawa wa Chuga (Arusha) mnaowajua, kampuni ndogo za utalii, maduka ya spea, saccos, shule. Mfumo ninaouzungumzia zaidi hapa ni wa kampuni ya utalii, jina naliacha, ina dada wa buking, mhasibu, mtu wa magari, na madereva ambao muda mwingi wako njiani, leo Tarangire kesho Karatu keshokutwa Serengeti. Upande wa seva ni Django, ya Python. Duka la spea nalo nimelifanyia kitu cha aina hiyo hiyo kwa Laravel, ya PHP, kwahiyo nitachanganya mifano ya pande zote mbili.

Sasa inafanya nini. HTML ya kawaida ina vitu viwili tu vinavyoweza kwenda seva, linki na fomu, na vyote vikirudi vinarudi na ukurasa mzima, menyu, picha, kila kitu kinachorwa upya hata kama kilichobadilika ni namba moja. Ili kubadilisha kipande kimoja tu watu wakawa wanaandika JavaScript, uwezo wenyewe upo tangu Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, jina la Ajax likaja 2005, alafu baadae ikawa desturi kwamba seva inatoa JSON, yani data tupu isiyo na muonekano, na JavaScript kwenye simu ya mtumiaji ndo inaigeuza ile JSON iwe HTML. Hapo kazi ikawa mara mbili. Sheria za bei ziko kwenye seva na ziko tena kwenye simu, ukaguzi wa fomu uko huku na uko kule, na vikipishana kidogo tu mteja anaona bei mbili za safari moja. Kumpa JSON mtu mwenye simu ya bei rahisi ni sawa na kumpelekea mgeni ndizi mbichi na nyama umwambie apike mtori mwenyewe, wakati sufuria na moto viko kwako.

htmx inasema tagi yoyote iweze kutuma ombi, sio linki na fomu tu. Ombi liweze kutoka kwa tukio lolote, sio kubofya na kutuma fomu tu. Aina za maombi za PUT, PATCH na DELETE zitumike pamoja na GET na POST ambazo HTML inazijua. Na jibu likirudi liwe kipande cha HTML kilichokamilika, kinachoingia pale unapotaka wewe, sehemu nyingine ya ukurasa isiguswe. Basi, hicho ndo chote. Hiki ni kisanduku cha kutafuta spea:

<input type="search" name="q" hx-get="/spea/tafuta" hx-trigger="input changed delay:500ms" hx-target="#matokeo">

Hata kama hujawahi kuiona unaisoma na kuielewa. Mtu anaandika "bushi ya sta", akitulia nusu sekunde na maandishi yakiwa yamebadilika kweli, inatumwa GET kwenda /spea/tafuta, jibu linaingia ndani ya sehemu yenye id ya matokeo. Seva inasoma databesi, inachukua templeti ndogo yenye mistari ya tebo tu, inarudisha. Sijaandika hata mstari mmoja wa JavaScript hapo.

Aliyeitengeneza ni Carson Gross wa Montana, Marekani, alianza mwaka 2013 na kitu kinaitwa intercooler.js ambacho kilikuwa kinategemea jQuery, maktaba nyingine ya JavaScript, alafu htmx yenyewe, ambayo haitegemei kitu kingine chochote, ikafika toleo la 1.0 mwaka 2020 na 2.0 mwezi wa sita 2024. Ni faili moja. Ikibanwa haifiki KB 20, wakati React na React DOM, maktaba maarufu ya kujengea kurasa kwa JavaScript, peke yake bila hata mstari wako mmoja zinazidi KB 40. Leseni yake ni 0BSD, maana yake bure kabisa, ibadilishe, iuze ndani ya kazi yako, hakuna wa kukuuliza. Na hakuna npm ya kuvuta vifurushi, hakuna kubildi (kukusanya kodi kabla ya kuitumia), jambo ambalo kwa anayelipia bando lake mwenyewe na umeme ukikatika anatumia chaji iliyobaki kwenye laptopu sio dogo hata kidogo. Unaidaunlodi mara moja unaiweka kwenye folda ya faili za seva yako. Nashauri ufanye hivyo badala ya kuivuta kutoka seva ya watu, simu inaokoa safari moja ya kutafuta domeni nyingine na wewe unajua kabisa ni toleo gani linatumika.

Ilipong'ara kweli ni kwenye tebo ya buking. Ile tebo ndo roho ya ofisi, kila mstari ni kundi la wageni, tarehe, loji, hali ya malipo, gari. Zamani ukitaka kupanga gari unabofya, unahamia ukurasa mwingine, unachagua, unasevu, unarudi kwenye orodha, na orodha imekurudisha juu kabisa kwahiyo unaanza kushuka tena kumtafuta mgeni wako, na msimu wa mwezi wa sita mpaka wa kumi ambapo orodha ni ndefu hiyo ni mateso ya kutwa nzima. Sa hivi dada wa buking anabofya "Pangia gari", mstari ule ule mmoja unageuka fomu yenye magari yaliyo wazi kwa tarehe zile, anachagua, anasevu, mstari unarudi kuwa mstari. Na juu kwenye kona ile namba ya magari yaliyobaki inabadilika hapo hapo, kwasababu seva kwenye jibu lile lile imeambatanisha kipande cha pili chenye hx-swap-oob, kinajipeleka chenyewe mahali pake. Mama mwenye kampuni alikaa pembeni akiangalia, akasema "Mwanangu, sasa hii haikai inazunguka zunguka." Nikamwambia ndio mama, inaleta kile kilichobadilika tu. Hakuhitaji maelezo mengine.

Kingine ambacho watu hawakisemi sana ni jinsi inavyokuwa rahisi kumkabidhi mtu mwingine kazi. Tunapokea vijana wa fildi kutoka vyuo vya hapa Arusha, wengi wanajua HTML, wanajua PHP au Python kidogo, basi. Kwenye mfumo huu kijana anafungua templeti, anaona hx-post inaenda wapi, anafungua funksheni hiyo kwenye seva, anaona inarudisha templeti gani, kamaliza, anaweza kurekebisha. Jambo lote liko sehemu mbili. Kwenye mfumo wenye API (mlango wa kutoa data) upande mmoja na sehemu anayoiona mtumiaji upande mwingine, anatumia nusu ya muda wake wa fildi kuelewa tu kitu gani kinamwita kitu gani.

Na sio mimi tu ninayeona kodi (code) inapungua. Kwenye DjangoCon Europe ya 2022 David Guillot wa kampuni ya Contexte ya Ufaransa alionyesha walivyotoa React wakaweka htmx kwenye bidhaa inayotumika kweli, kodi ikashuka kutoka mistari 21,500 hadi 7,200, vitu vya JavaScript wanavyovitegemea vikashuka kutoka 255 hadi 9, na muda wa kubildi kutoka sekunde 40 hadi 5. Lakini soma namba hizo kwa akili, bidhaa yao ni ya kusoma na kuchuja maudhui, yani ni aina ya kazi inayoifaa htmx kabisa, usizibebe ukazipeleka kwenye kitu kama ramani ya kuchora au programu ya kuediti picha ukategemea matokeo yale yale.

Haya sasa yanayosumbua, na hapa nitakaa kidogo.

Lawama yangu kubwa ni ukimya wake mtandao ukikorofisha. Ukiiacha ilivyo, htmx haina kikomo cha kusubiri, timeout yake ni 0, maana yake ombi likikwama inasubiri tu. Na likifeli kabisa mtumiaji haoni chochote, kosa linaandikwa kwenye konsoli ya brauza ambayo dereva aliyeko getini hawezi kuiona wala hatakiwi kuijua. Anabofya, kimya. Anabofya tena. Kwa mazingira yetu ambapo ukitoka tu nje ya mji mtandao unakuja na kuondoka, hii ilitakiwa iwe imefikiriwa tangu mwanzo. Vifaa vya kurekebisha vipo na sio vigumu: weka htmx.config.timeout kwa kiwango unachoona ni sawa, sikiliza matukio matatu, htmx:sendError, htmx:timeout na htmx:responseError, na kila moja lionyeshe ujumbe wa Kiswahili unaoeleweka, "Mtandao umekata, haijasevu, jaribu tena". Weka hx-indicator ili mtu aone kuna kitu kinaendelea, na hx-disabled-elt="this" kwenye vitufe vya kusevu ili kisibofyeke mara ya pili kabla jibu halijarudi. Mi naona hivi sio mapambo, bila hivyo mfumo haujaisha na usimkabidhi mteja.

La pili, majibu ya makosa. Kwa kawaida seva ikirudisha namba ya 400 na kuendelea au 500 na kuendelea, htmx haliweki jibu hilo kwenye ukurasa. Sasa ukifuata utaratibu mzuri ukarudisha 422 pamoja na fomu yenye maelezo ya makosa, fomu hiyo haionekani, mtumiaji anabaki anaangalia fomu ile ile ya mwanzo. Kwenye Django mara nyingi hukutani nalo maana fomu yenye makosa inarudi na 200 kama kawaida. Kwenye toleo la 2 kuna mpangilio unaitwa htmx.config.responseHandling unaoiambia 422 iwekwe, na wa toleo la 1 wanatumia tukio la htmx:beforeSwap. Fanya hiyo siku ya kwanza.

Alafu kuna hili la sesheni, yani muda ambao mfumo unakukumbuka kuwa umeingia, na hili litamkuta kila mtu. Mhasibu kaacha ukurasa wazi kaenda kula, amerudi sesheni imeisha, anabofya kitufe kwenye mstari, seva kwa utaratibu wake inamrudisha kwenye ukurasa wa kuingia, brauza inaifuata ile ridairekti kimya kimya, na htmx inapokea ukurasa mzima wa kuingia na kuuchomeka ndani ya tebo. Fomu ya nywila katikati ya orodha ya wageni! Dawa yake, seva iangalie kichwa (header) cha HX-Request ambacho htmx inakituma kwenye kila ombi, kikiwepo na sesheni imeisha basi isitume ridairekti ya kawaida, itume jibu lenye kichwa cha HX-Redirect, hapo ukurasa mzima unahamia kwenye kuingia kama inavyotakiwa.

Ndugu yake wa karibu ni kitufe cha kurudi nyuma. Kama anwani moja inatoa ukurasa mzima kwa anayeingia moja kwa moja na kipande tu kwa anayekuja kupitia htmx, brauza inaweza kukitunza kile kipande na mtu akirudi nyuma anaona kipande kikavu bila menyu bila rangi. Weka kichwa cha Vary: HX-Request kwenye majibu hayo au tumia anwani tofauti kwa vipande. Mi sa hivi natumia anwani tofauti, ni rahisi hata kuisoma.

Vidogo vidogo: mstari wa tebo ukiutuma kama oob ufunge ndani ya tagi ya template la sivyo brauza inautupa kwasababu tr haikubaliki kukaa peke yake nje ya tebo. Kwenye kisanduku cha kutafuta ongeza hx-sync="this:replace" ili ombi la zamani lifutwe jipya likitoka, maana mtandao ukiwa mzito jibu la "bu" linaweza kufika baada ya jibu la "bushi". Na kumbuka hx-target ukiiweka kwa mzazi watoto wote wanairithi, ukurasa ukiwa mkubwa unajikuta kitufe kinatupa jibu mahali hujategemea. Kwa Django tokeni ya CSRF, ile ya kuzuia tovuti nyingine isitume maombi kwa jina la mtumiaji, iweke mara moja kwenye hx-headers ya body, kila ombi litaibeba.

Kitu cha kufikiria kabla hata hujaanza ni seva yako iko wapi. Wengi wetu tunakodi seva Ulaya, kwahiyo kila kubofya ni safari kutoka Sanawari hapa Arusha mpaka Ujerumani na kurudi. Kwa kusevu na kutafuta hakuna anayelalamika, lakini ukitumia htmx hata kufungua menyu au kubadilisha tabu mtumiaji atauhisi uzito na atakuwa na haki. Vitu ambavyo havihitaji data kutoka seva visiende seva. Tumia tagi ya details, au Alpine.js, maktaba ndogo ya JavaScript, kwa vitu vidogo vya aina hiyo, zinakaa pamoja vizuri tu bila ugomvi.

Na kuna sehemu ya mfumo huu ambayo sikuiweka htmx kabisa na nisingeiweka hata ningelipwa zaidi, ni fomu ya dereva ya kukagua gari na kuandika mafuta akiwa porini. Ndani ya Serengeti kuna maeneo mtandao haupo kabisa, na htmx bila seva haina la kufanya, haitunzi kitu ikakitume baadae. Hapo unahitaji kitu kinachohifadhi kwenye simu kwanza alafu kinatuma gari likifika kwenye mtandao. Mtu akikuambia htmx inatosha kwa kila kitu muulize kuhusu huyo dereva.

Wenzake nao wapo. Hotwire ya 37signals ilitoka mwishoni mwa 2020 na Turbo yake inafanya mambo ya karibu na haya, ukiwa mtu wa Rails, ya Ruby, usihangaike, tumia hiyo. Livewire ya Caleb Porzio ni tamu sana kwa Laravel, unaandika vitu vingi ndani ya PHP na vinaenda vyenyewe, ila umefungwa na Laravel na mambo mengi yanafanyika nyuma ya pazia, kikiharibika kitu kukitafuta ni kazi. Unpoly nayo ni nzuri na kwenye mambo ya fomu na madirisha ya juu ya ukurasa imefikiria zaidi kuliko htmx. Mi nimebaki na htmx kwasababu moja, haijali upande wa seva ni nini, leo Django kesho Laravel na mteja mwingine ana PHP tupu ya miaka hiyo, ujuzi ni ule ule. Ule mfumo wa zamani wa PHP wa saccos ambao kila mtu anasema uandikwe upya unaweza kuurekebisha ukurasa mmoja mmoja bila kuusimamisha hata siku moja, na huo ndo uzuri ambao kwa wateja wa huku, wenye bajeti za huku, naupa uzito kuliko yote.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imeondoka kwa ule ukimya wa mtandao ukikata.

Kwa mliopo toleo la 1 mnaotaka kuhamia la 2, angalieni mambo matatu. Internet Explorer haipo tena, anayeihitaji abaki kwenye 1 ambayo wamesema wataendelea kuihudumia. Ekstensheni kama za SSE na WebSocket, njia za seva kutuma taarifa papo hapo, zimehamishwa nje, utazidaunlodi kando. Na DELETE sasa inapeleka vigezo vyake kwenye anwani badala ya kwenye mwili wa ombi, kwahiyo vitufe vyote vya kufuta vipitie kimoja kimoja kwenye kopi ya majaribio, hasa kama seva yako ilikuwa inasoma namba ya buking kutoka kwenye mwili.